Madame Mwenye Kulilia Vitabu

Madame hakupenda kutembea. Nianze hapo, maana watu wa Bunia waliomwona akipita na vitabu vya wapanda milima kwapani walifikiri ni mtu wa miguu. Hapana. Kutoka kanisani mpaka kwenye kiduka changu cha fotokopi ni mwendo ambao kuku anaweza kuumaliza bila kupumzika, naye alisimamisha moto, pikipiki ya kukodi, akakaa upande kama bibi-arusi, akashuka mlangoni pangu akinung'unikia vumbi. Siku moja nilimuuliza imekuwaje mtu anayejua njia zote za Ruwenzori ashindwe kuvuka barabara kwa mguu. Akanijibu: "Kupanda mulima pasipo kufukuzwa, ile iko mambo ya wazungu. Miye nilishapanda yangu." Sikuuliza tena. Watu wengi waliokimbia vita vya Djugu wakaishia mjini hapa walishapanda yao.

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika, alinikataza mwenyewe. Alisema niandike jina la kijiji, lake niliache. Sisi sote tuliopita kalasi yake ya tano tulimwita Madame, na wazazi wetu walimwita hivyo hivyo, na mchungaji, na vijana wa moto waliogombana naye kila asubuhi. Fimbo hakushika. Alikuwa na jicho, na alikuwa na neno moja: wapi? Ukimwambia umeona nyoka, aliuliza wapi. Ukimjibu "kule", umeshakosa. "Kule iko ya wavivu," alisema, na ungesimama mpaka umwambie ni karibu na mti gani, upande gani wa mto, nyuma ya nyumba ya nani. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto wangu, na mpaka leo mtu akiniambia kitu kiko kule, napandwa na hasira bila sababu.

Kijiji chake kiliitwa Lidzaru. Kilikuwa juu ya Ziwa Albert, ukipita Kpandroma, kwenye mgongo wa Milima ya Bluu. Nimeandika "kilikuwa", na Madame angenisimamisha kwa hilo, maana yeye alisema "iko". Nyumba zilichomwa zote katika vita hivi vyetu, watu wakashuka na walichoweza kubeba, wakaishia kambi ya wadeplase, watu waliokimbia makwao, pembeni ya mji. Kisha ofisi moja ikaanza kutengeneza orodha ya vijiji vilivyokimbiwa, ili siku watu wakirudi kila mmoja apate ardhi ya kwao. Lidzaru haikuwemo. Karani alimwambia Madame kwamba ramani yake haionyeshi kijiji pale. Kwake, yale yalikuwa mashamba ya kijiji cha jirani, na hakuna mtu aliyewahi kulala pale. Watu wa Lidzaru wangeandikwa chini ya jina la watu wengine, na siku ya kurudi wangesimama kwenye uwanja wa wenzao wakiomba mahali pa kujenga.

Mtu mwingine angelia. Madame alikasirika, na hasira yake haikuwa ya siku moja.

Alianza kutafuta karatasi yoyote ya zamani yenye jina la Lidzaru. Kwa nini vitabu vya wapanda milima? Nilimuuliza hilo nikimtengenezea fotokopi ya kwanza. Alisema ramani za serikali zinachora barabara ya gari, na pale gari haifiki, kwao hakuna mtu. Mapadri na wachungaji waliandika waliobatizwa. Wenye migodi waliandika dhahabu. "Lakini mutu anayetembea kwa mguu," akasema, "anaandika pale alikunywa maji. Na maji haiingie yenyewe mu kikombe. Kuko mutu aliyemupatia." Tangu utoto alisikia wakubwa wa Lidzaru wakisimulia wazungu wenye viatu vya misumari waliolala pale, waliopanda na kushuka milima bila kutafuta kitu chochote, hata mbuzi aliyepotea, na kwamba mmoja wao alitoa kijitabu cha kuwaonyesha wengine njia: hapa pinda, hapa pumzika, hapa kuna mto. Vijitabu vya namna hiyo viliuzwa zamani sana. Leo havichapwi tena, walioviandika wamekufa, na waliovinunua walirudi kwao. Madame hakuona shida. "Kitabu haikufake," alisema, yaani hakifi. "Inafichamaka tu."

Basi akaanza kuvitafuta kwa njia ambayo sijaona mtu mwingine akiitumia. Alikwenda kwenye matanga. Kila jioni, saa ya matangazo ya vifo, alikaa karibu na radio na daftari mapajani. Tangazo la kifo kwetu halifichi kitu: linataja marehemu, watoto wake na mahali walipo, na kazi aliyofanya tangu ujana. Tajiri wa ng'ombe alimwacha apite. Lakini akisikia mpishi wa zamani wa wazungu, dereva wa misioni, mlinzi wa msitu, aliandika. Kesho yake amefunga kitenge cha matanga, amebeba kuni ama sukari, amekaa kwenye mkeka na wafiwa. Alilala kwao, akalia, akaosha sufuria. Na siku ya kumaliza matanga, ukoo ukikaa kugawa vitu, huyu anataka kitanda, yule anataka koti, Madame alinyoosha mkono kama mwanafunzi na kuuliza karatasi za mzee zinapendwa na nani. Hazikupendwa na mtu.

Mchungaji hakufurahi. Madame alikuwa mwimbaji wa kwaya, tena sauti ya pili nzima ilimtegemea, na sasa habari zinafika kwamba anazunguka mji akililia watu asiowajua. Alimwita, akamwambia ule ni uongo mbele ya Mungu. Madame alimjibu kwamba hajawahi kulia uongo hata siku moja, kwamba wafu ni wengi na wengine hawana hata mtu wa kuwalilia vizuri, na kama mchungaji ana orodha ya machozi yanayoruhusiwa, amwonyeshe. Na mimi nashuhudia, Madame alilia vizuri. Kulikuwa na wajane waliotuma mtu kumwita, hata pale ambapo marehemu hakuacha karatasi hata moja.

Lakini siku moja turubai, bashi la bluu, lilimponza. Kwetu bashi la kukodi na viti vya plastiki ni vile vile, kwa arusi na kwa kilio. Radio ilitangaza kwamba karani wa zamani wa hoteli ya Mlima Hoyo amekufa, upande wa Mudzipela. Madame akapanda moto, akaona bashi, akaona viti, akaona wamama wamekaa kimya. Aliingia akilia kwa nguvu, mikono kichwani, akajitupa chini mbele ya mzee aliyekaa kiti cha mbele. Ilikuwa sherehe ya mahari. Kilio kilikuwa uwanja wa pili. Watu wa upande wa bwana-arusi walishasimama kuondoka, wakidhani ni mkosi umeingia juu ya binti. Babu wa bibi-arusi alimwinua Madame, akamuuliza kwa upole analilia nani.

"Nalilia vitabu," akasema, akipangusa magoti.

Akawaeleza yote, amesimama pale pale katikati ya kreti za soda, kijiji, orodha, karani, viatu vya misumari. Babu alicheka mpaka wajomba wakacheka, upande wa bwana wakakaa tena, mahari yakaendelea, na Madame akapewa sahani yake. Jioni babu akamtolea kijitabu cha mapango ya Hoyo kisicho na jalada, kwa sababu yeye na yule karani wa hoteli walikuwa marafiki na walipewa kimoja kimoja. Hakikuwa anachotafuta. Alishukuru hata hivyo, jambo ambalo kwangu hajawahi kulifanya, kisha akavuka kwenda uwanja wa pili kumalizia kilio chake.

Vitabu vilifika saba. Kimoja kilitoka Niania, kwenye sanduku la dereva wa lori, kikiwa kimeliwa na mchwa katikati, hivi kwamba njia inaanza vizuri, inaingia msituni, na haitoki. Viwili vilikuwa vya Ruwenzori, na picha za theluji. Lidzaru haikuwa ndani ya hata kimoja. Mimi nilifikiri ataviweka kando. Yeye alivipeleka kambini. Watoto wa kambi hawakuwa na kitabu cha kusomea, na Madame alikuwa na kitabu, kwa hiyo walijifunza kusoma humo, chini ya bashi, kwa Kifaransa cha wapanda milima. Siku moja nilifika nikakuta watoto tisa wamefungana kamba kiunoni, wakipanda rundo la mchanga wa ujenzi kwa mstari, na wa mbele anapiga kelele kwamba barafu ina ufa, kila mtu asimame. Barafu waliyoiona maishani ni ile ya friji ya muuza soda. Mama mmoja alikuja kulalamika kwamba binti yake anamfunga mbuzi fundo ambalo nyumba nzima inashindwa kulifungua. Madame akamuuliza kama mbuzi alishatoroka. Mama akasema hapana. Basi, mashtaka yakaisha.

Habari za vitabu zilimfikia mzungu mmoja aliyefanya kazi mjini. Alikuja kwangu akamkuta Madame, akavishika vile vya Ruwenzori kwa ncha za vidole, akasema ni adimu sana, kwamba kwao kuna maktaba ambamo vingetunzwa salama, mbali na unyevu na mchwa na vita. Aliongea kwa heshima, siwezi kusema vibaya. Madame alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza yangu. Kisha akamuuliza: "Kule iko salama juu ya nani?" Mzungu alisema ni kwa ajili ya watafiti, kwa ajili ya kila mtu. Madame akamwambia kila mtu apande moto aje Bunia, kambini atavisoma bure, lakini akae chini na watoto na asubiri zamu yake. Yule mzungu alikwenda kweli. Alisubiri zamu yake.

Sitaki mtu afikiri namchora malaika. Madame alikuwa mgumu. Aliingia dukani bila salamu kama ana jambo kichwani, akasogeza wateja wangu kwa kiwiko, akasema toner yangu, wino wa mashine, imekauka na jenereta yangu inanuka. Alisahihisha kibao changu cha nje kwa chaki, mchana, watu wakiangalia. Alimkemea mtu yeyote aliyekunja pembe ya ukurasa, na yeye mwenyewe alikuwa akiweka alama kwa mfupa wa samaki. Alisema Mungu hapendi kiburi, na sijaona mtu mwenye kiburi kama yeye. Ukimwambia hapana, aliuliza kama hapana yako ni ya leo ama ya kesho, na ukikosea kusema ya leo, kesho asubuhi yuko mlangoni.

Na tuliwahi kugombana vibaya. Kosa lilikuwa langu, nalisema wazi. Kazi yetu wenye mashine inajulikana mjini hapa. Mtu amepoteza diploma, mwingine hajawahi kuwa nayo, wote wanakuja kwetu. Mimi nilikataa mengi, lakini si yote. Basi jioni moja Madame alitoka matanga ya saba ama ya nane, amechoka, macho yamevimba, mikono mitupu, na huruma ikanishika. Nikamwambia: Madame, mashine hii inaweza kuandika ukurasa wa zamani. Nitachukua herufi za kile kitabu cha Hoyo, nitaweka Lidzaru, nitaipitisha karatasi kwenye chai, niikaushe juani. Karani hatajua. Hakuna atakayejua.

Aliweka mfuko wake chini. Nilidhani anapima wazo langu.

"Weye ulikuwa kalasi yangu?" akauliza.

Nikasema ndiyo, Madame.

"Ukiandika bongo, uongo moja tu, kijiji yote itakuwa bongo. Na wafu wake, na maji yake. Yote." Akachukua mfuko wake, akatoka, akasimamisha moto. Wiki sita hakukanyaga kwangu. Alikwenda kufanya fotokopi kwa jirani yangu, ambaye mashine yake inatoa mistari myeusi, na alipita mbele ya kibao changu akiangalia mbele. Niliumia kuliko nilivyotegemea. Siku aliporudi aliweka tu karatasi mezani na kuuliza kama jenereta bado inanuka.

Kitabu kilipatikana Boga. Radio ilitangaza kifo cha mzee aliyekuwa mpishi wa wazungu wapanda milima tangu ujana wake, na Madame akaandika, akafunga kitenge, akapanda moto. Barabara ya Boga si ya kuchezea siku hizi, kuna wenye bunduki, na nilimwambia hivyo. Alisema wenye bunduki nao wana mama. Alikaa huko siku tisa. Siku ya kugawa vitu alinyoosha mkono wake, akauliza swali lake, na mjane wa yule mpishi akasema: "Karatasi za bwana wangu nazipenda miye." Mara ya kwanza mtu kumjibu hivyo. Lakini usiku ule mjane alifungua kifuko cha plastiki, akamwonyesha. Kijitabu cha kijani, kidogo kama kitabu cha nyimbo, kuhusu njia za Milima ya Bluu. Na Lidzaru ilikuwemo.

Mjane alikataa kukitoa. Mume wake alimwachia neno kwamba kitabu hiki alipewa mkononi na wale aliowapikia, na hakitoki nyumbani isipokuwa mikononi mwa mtu wa nyumba hiyo. Madame hakubishana naye, kitu cha ajabu. Aliomba kijana wa jirani apige picha ya ukurasa kwa simu, akarudi nayo Bunia. Picha ilikuwa ya giza na nusu ya chini imekatika, lakini jina lilisomeka. Nikaichapa. Tukaenda pamoja kwa karani, mimi na yeye, tumevaa nguo za kanisani.

Karani aliishika karatasi ile, akaigeuza, hakuna kitu nyuma. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka, na watu wengi walishamletea karatasi. Aliuliza imechapwa wapi. Nikasema kwangu. Basi akatabasamu. Alisema sisi wenye mashine anatujua, kwamba kwa mashine kama yangu hata yeye anaweza kuwa askofu. Niliona hasira na aibu pamoja, kwa sababu sikufanya, na kwa sababu nilitaka kufanya. Alisema Madame alete kitabu chenyewe, na fotokopi ipigwe muhuri mbele ya kitabu, ama asirudi. Orodha inafungwa mwisho wa mwezi.

Kufika nje Madame hakulalamika. Aliniomba simu, akapiga Boga, akaongea na mjane. Hakumsihi. Alimwambia tu: "Mama, bwana yako alisema kitabu itoke na mutu ya nyumba. Mutu ya nyumba ni weye." Kisha nikasikia sauti ikiuliza kama Bunia kuna baridi asubuhi.

Mjane alikuja siku mbili baadaye, nyuma ya moto, vumbi mpaka kwenye kope, kitabu amekifunga tumboni chini ya vitenge viwili kama mtoto. Alikuwa mzee kuliko nilivyofikiri. Alikunywa chai dukani kwangu, akakifungua yeye mwenyewe, akakilaza juu ya kioo cha mashine yeye mwenyewe, na hakuondoa mkono, kwa hiyo kwenye fotokopi ya kwanza kuna vidole vyake vinne. Ya pili ilitoka safi. Hapo ndipo nilisoma ukurasa mzima, na ile nusu ya chini ambayo picha ya simu iliikata. Kwa Kiswahili inasema hivi: Lidzaru, nyumba arobaini hivi, chemchemi nzuri upande wa mashariki. Msitegemee kupata wapagazi. Watu wa hapa ni wakaidi, wanakataa kubeba mizigo, wala hawashawishiki. Afadhali kuchota maji na kuendelea.

Miaka yote ile ya kuosha sufuria za watu, kumbe tunapeleka matusi. Nilimwona karani akicheka, nikaona ofisi nzima ikicheka. Nilimwambia Madame kwa sauti ya chini kwamba ninaweza kuweka kipande cha karatasi nyeupe juu ya mistari ile, fotokopi itoke na jina na chemchemi peke yake. Si uongo, ni kufunika tu.

"Piga yote," akasema.

Nikapiga yote.

Ofisini tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka karani alipomaliza kula. Mjane aliweka kitabu mezani na kubakiza mkono juu yake. Karani alilinganisha kitabu na fotokopi, neno kwa neno, kidole kikitembea. Aliangalia jalada, akaangalia mshono wa uzi, hata akakinusa. Aliona si kazi ya mashine yangu, na hakunitazama. Kisha akafika kwenye mistari ya chini, akaanza kusoma kwa sauti, na nilivyoogopa ndivyo ilivyokuwa. Alicheka. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie, akamsomea tena: wakaidi, wanakataa kubeba. Wakacheka wawili. Akamwambia Madame kwamba angekuwa yeye, kitabu kama hiki angekichoma, maana mzungu amewaaibisha watu wake mbele ya dunia.

Madame alingoja wamalize. Hakusimama. Alivuta kiti karibu na meza mpaka magoti yakagusa mbao.

"Shefu," akasema, "munasema pale hakukuwa mutu. Sasa nani alikataa?"

Yule mwenzake wa chumba cha pili aliacha kucheka kwanza. Karani aliangalia ukurasa, akaangalia Madame, akarudi kwenye ukurasa, kama mtu aliyehesabu vibaya na anatafuta alipokosea. Mimi machozi yalinitoka, sijui kwa furaha ama kwa hasira yote iliyokaa ndani yangu tangu siku ile ya mzaha wa askofu, na sikuyapangusa.

Karani alivuta orodha. Nafasi ilikuwa ndogo kati ya vijiji viwili, akabana jina hapo kwa herufi ndogo kama sisimizi. Madame aliinama, akaliangalia, akamwambia aandike tena, kubwa sawa na la wengine. Karani akachukua rula, akachora mstari mpya chini, akaandika LIDZARU, akapiga muhuri kwenye fotokopi, akamrudishia mjane kitabu, na mjane akakirudisha tumboni.

Halafu karani aliuliza, kalamu bado mkononi, kama mahali pa idadi ya nyumba aandike arobaini, ile ya kitabu. Madame alisema ile iko ya zamani, wakati wazungu wanapita. Akamwomba karatasi nyeupe. Akafunga macho, na akaanza na nyumba ya kwanza ukitoka kwenye chemchemi, mkono wa kuume: jina la baba, jina la mama, watoto wangapi, nani alishuka hai na nani hakushuka. Kisha nyumba ya pili. Kisha ya tatu. Karani alianza kuandika kwa uvivu, kisha alikaa vizuri, kisha alivua saa. Mwenzake alileta kiti. Watu waliokuwa kwenye benchi nje walikuja kusimama mlangoni, na mmoja wao, mwanamume mzima, alimsahihisha Madame kwenye nyumba ya kumi na mbili, akasema yule mtoto wa mwisho alikuwa msichana, na Madame akakubali. Walipofika nyumba ya thelathini na moja karatasi zikaisha ofisini, na mimi nikatoka mbio kwenda dukani kuleta zingine.